Pua ya Nani? Mwongozo Kamili wa Kuandika Harufu katika Hadithi

Waandishi wengi wanaoanza huikumbuka harufu hadithi ikiwa imekwisha kuandikwa, halafu huinyunyiza kama marashi yanayorushwa sebuleni mgeni akishagonga mlango. Sentensi moja ya karafuu hapa, moja ya bahari pale, kazi imekwisha. Msomaji hupita juu yake bila kusimama, na simlaumu.

Katika hadithi, harufu haikai mahali. Hukaa puani mwa mtu. Gati moja, jiko moja au kichochoro kimoja kina harufu nyingi kadiri ya watu wanaokipita, na kila mtu huisikia ile inayomgusa: inayomtisha, inayomwaibisha, inayomkumbusha deni. Hatua zote zilizomo humu zinatoka hapo. Mifano nimeitoa Tanga kwa sababu ndiyo pwani ninayoijua. Aliye Lindi au Kigoma abadili vyanzo, njia ni ile ile.

Hatua ya 1: Toka ukanuse

Usiandike harufu kwa kukumbuka ukiwa umekaa mezani. Kumbukumbu ya mezani hutoa zile zile ambazo kila mwandishi anazo: karafuu, bahari, mvua, jasho. Vaa viatu, chukua daftari.

Anza alfajiri kwenye mnada wa samaki wa Deep Sea, pale samaki wanapoteremshwa. Jambo la kwanza utakalogundua ni kwamba samaki aliyetoka majini saa hiyo hana shombo kali. Shombo hukua baadaye, bakteria wanapoivunjavunja kemikali iliyomo mwilini mwa samaki wa baharini na kuigeuza kuwa nyingine iitwayo trimethilamini. Kwa hiyo mwandishi anayesema mnada ulinuka samaki saa kumi na mbili asubuhi hajafika mnadani. Kinachonuka saa hiyo ni mbao za meza za jana, matenga, kamba zilizoloa, na maji yaliyotuama kwenye mashimo ya sakafu. Samaki mwenyewe ana harufu ya maji ya chumvi na kitu kama jani bichi lililopondwa. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayomwonyesha msomaji kwamba uliyemtuma sokoni ni mtu anayelijua soko.

Kutoka hapo panda Ngamiani, kwenye zile barabara zenye namba. Kabla jua halijawa kali utakutana na moshi wa mkaa unaoanza kushika, maandazi yenye iliki, maji ya sabuni yaliyomwagwa nje baada ya kufua, na mafuta ya taa pale mtu alipokosa kibiriti cha pili. Pita soko la Mgandini: machungwa ya Muheza yaliyopasuka chini ya gunia, vitunguu vilivyoanza kulainika, dagaa wakavu. Jioni simama karibu na baraza lenye kahawa chungu na kashata ya moto. Usikae sana mahali pamoja. Pua huchoka. Ukikaa dakika chache ndani ya harufu huisikii tena, hata kama bado imejaa. Toka nje, vuta hewa nyingine, rudi.

Halafu kuna upepo na maji, ambavyo waandishi wengi wa pwani, ajabu, huvisahau. Ghuba ya Tanga iko upande wa kaskazini wa mji. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, harufu ya gati, ya dizeli ya boti na ya matope huingia mitaani. Kusi ikishika zamu, mara nyingi harufu hizo hurudishwa majini na mji ukabaki na harufu zake wenyewe. Maji yakipwa sana siku za bamvua, matope ya kwenye mikoko hubaki wazi na kutoa harufu ya mayai viza. Saa chache baadaye maji yamejaa na harufu imefunikwa. Mhusika aliyezaliwa karibu na mikoko anaweza kujua maji yako wapi akiwa amelala kitandani, taa imezimwa. Kwa hadithi ya magendo au ya mtu anayesubiri jahazi, hiyo ni saa ya ukutani isiyohitaji betri.

Mvua nayo ina faida ya pekee. Ile harufu ya udongo uliopata matone ya kwanza inatokana hasa na jiosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria wa udongoni, na pua ya binadamu huinasa hata ikiwa kidogo mno. Upepo huileta kabla ya mvua yenyewe kufika. Una dakika kadhaa hapo ambamo mhusika mmoja anajua jambo ambalo wengine hawajalijua. Anaanua nguo? Anafunga dirisha? Ananyamaza na kuwaacha waloe?

Katika daftari andika mambo matatu tu kwa kila harufu: chanzo chake, saa na upepo, na mtu ambaye ingemhusu. "Nzuri" na "mbaya" zisiingie humo kabisa.

Hatua ya 2: Chagua pua

Nitakaa hapa kwa muda, maana hapa ndipo hadithi hupatikana au hupotea.

Chukua korona, ile mashine ya kukwangua mkonge. Singa inayotoka kwenye jani ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Kilichobaki ni maji ya kijani na makapi, na makapi yakirundikana juani huchacha, kisha huvunda. Ukipita karibu na korona inayofanya kazi, harufu hiyo ni chachu, nzito, na inashika nguo.

Sasa wapitishe watu watatu mahali hapo.

Wa kwanza ni abiria wa basi la Dar. Anafunga kioo. Amemaliza, kwake harufu ile ni usumbufu wa dakika mbili, na ukiandika aya nzima kutoka puani mwake utakuwa umemwonyesha msomaji kwamba wewe pia ni abiria.

Wa pili ni mzee aliyekuwa manamba ujanani. Harufu ile kwake haiko puani peke yake. Iko kwenye ngozi, kwa sababu maji ya mkonge huwasha, na mtu aliyewahi kuyabeba mgongoni hujikuna akiyasikia tu. Mwandike akijikuna kwenye kiwiko katikati ya mazungumzo mengine kabisa, wala usieleze sababu mpaka kurasa kumi mbele.

Wa tatu ni binti wa nyapara. Alikua nyumba za shambani, na kila jioni baba yake aliingia na harufu ile mwilini. Mkonge wa Tanganyika ulifika kilele chake mwaka 1964, tani 230,000 hivi kwa mwaka, kisha kamba za nailoni zikaja na mashamba mengi yakadorora. Kwa binti huyu, siku ambayo hewa ilianza kuwa safi ndiyo siku mama yake alipoanza kukopa unga. Mfanye asimame nje asubuhi, avute hewa safi, na apate hofu. Msomaji ambaye hajawahi kuuona mkonge ataielewa hofu hiyo.

Mahali ni pamoja, mashine ni ile ile, lakini umepata hadithi tatu ambazo hazigongani. Kabla hujaandika sentensi yoyote ya harufu, jiulize pua hii ni ya nani, imewahi kukutana na harufu hii wapi, na leo inataka nini. Ukikosa jibu la swali la tatu, harufu hiyo bado ni pambo.

Wanaoandika hadithi za zamani wawe waangalifu zaidi. Mkonge si wa asili yetu. Uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na katika miche yote iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika hai. Kwa hiyo mhusika wako wa mwaka 1880 hawezi kuusikia, hata kama leo huwezi kuifikiria Tanga bila mkonge. Anachoweza kukisikia ni sifa, mafuta ya papa yaliyopakwa mbao za vyombo, na deheni iliyopakwa chini ya jahazi, mafuta yaliyochanganywa na chokaa. Mpe hizo. Zitamweka msomaji kwenye karne ile haraka kuliko tarehe iliyoandikwa juu ya sura.

Hatua ya 3: Taja chanzo, punguza vivumishi

Pua ya mtu ina aina 400 hivi za vipokezi vya harufu. Linda Buck na Richard Axel walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2004 kwa kuonyesha jinsi mfumo huo unavyofanya kazi. Vipokezi hivyo hushirikiana kwa namna nyingi, hata pua ikatofautisha harufu nyingi kuliko majina tuliyo nayo mdomoni. Ndiyo maana vivumishi vya harufu huisha haraka: nzuri, mbaya, kali, tamu, basi. Chanzo hakiishi. "Harufu kali" haina kitu. "Harufu ya betri iliyovuja ndani ya tochi" ina tochi, ina kabati, ina mtu aliyeisahau.

Kiswahili chenyewe kimekupa silaha ambazo hutakiwi kuziacha ghalani. Shombo ni la samaki, kutuzi ni la jasho, uvundo ni wa kitu kilichooza. Harufu inaweza kuhanikiza nyumba nzima. Na anayesema kitu kinanuka amekwisha kuhukumu, kama vile anayesema kinanukia. Msimulizi wako akitumia kitenzi kimoja pale ambapo jirani yake angetumia kingine, umeshatuonyesha ugomvi wao kabla hawajafungua mdomo.

Hatua ya 4: Iweke kizingitini

Kwa kuwa pua huzoea, mtu hasikii harufu ya nyumba yake mwenyewe. Msimulizi anayeishi Chumbageni miaka yote, ambaye kila akiamka anasikia harufu ya bahari, anadanganya. Bahari ataisikia siku anaporudi kutoka Dodoma.

Kwa hiyo harufu iingie pale mtu anapovuka: anapofungua mlango, anapotoka hospitali, anapoteremka basini, anapoinua kifuniko cha sufuria, mgeni anapomkumbatia. Kama tukio halina kizingiti, tafuta badiliko: kitu kilichoanza kuungua, jirani aliyebadili mafuta ya nywele, jiko ambalo leo halijawashwa. Ikishasikika, iache. Kuirudia kila aya ni kinyume cha jinsi mwili unavyofanya kazi.

Hatua ya 5: Ifanye itende kazi

Hapa tufanye zoezi zima. Athumani ni mvuvi. Wazee wake wamepeleka posa, na baba wa msichana amesema, sawa, kijana mwenyewe aje tumwone. Anakwenda jioni na ami yake. Rasimu ya kwanza huwa hivi:

"Athumani aliingia sebuleni. Kulikuwa na harufu nzuri ya udi. Alisikia pia harufu ya chakula kitamu kutoka jikoni. Alikuwa na wasiwasi kidogo."

Hakuna kosa la sarufi humo, na hakuna hadithi. Ukifuta harufu zote mbili, hakuna kinachobadilika. Hicho ndicho kipimo: futa harufu, kisha uone kama kuna mtu ambaye angefanya jambo tofauti. Kama hakuna, haifanyi kazi yoyote.

Tuanze na anachotaka Athumani. Anataka asijulikane kwa shombo. Wavuvi wote wanajua dawa yake ni ndimu, na dawa hiyo ni ya kweli kikemia, kwani asidi ya ndimu huishika ile trimethilamini ikashindwa kupaa hewani. Sasa fikiria: mtu anayenukia ndimu jioni, mikononi, bila kuwa mpishi, anaficha nini? Kila mama wa Tanga anajua. Dawa yenyewe imekuwa ushahidi.

"Alisugua mikono kwa ndimu, akarudia, hadi michubuko ya mshipi ikawaka moto. Mlangoni alivua makubadhi na kusalimu. Udi ulikuwa umechomwa muda si mrefu, na ulikuwa udi wa vipande, si ule wa kupika kwa sukari. Ami yake akaketi. Athumani akachagua kiti cha karibu na dirisha.

'Sogea huku, mwanangu, huko kuna upepo,' alisema Bi Rukia, mama wa msichana.

Akasogea. Sahani ya sambusa ikaletwa mbele yake. Alinyoosha mkono, akaurudisha.

'Ndimu zimepanda bei siku hizi,' alisema Bi Rukia, akimmiminia ami yake chai.

Ami yake akakohoa."

Angalia kilichotokea. Neno harufu halimo kabisa. Hakuna aliyenusa. Lakini harufu ndiyo iliyochagua kiti, ndiyo iliyourudisha mkono, na ndiyo iliyosemwa kwa mafumbo mbele ya mkwe mtarajiwa. Udi nao umefanya kazi ya pili. Udi halisi ni utomvu unaojengeka ndani ya mti uliojeruhiwa na kushambuliwa na kuvu, mti wa huko Asia, na bei yake si ya kila nyumba. Udi wa bei nafuu ndio ule unaopikwa kwa sukari na marashi. Athumani anaijua tofauti, na ndiyo maana anatishika: wametumia udi wa gharama kwa ajili yake, au wamemwonyesha yeye si wa gharama hiyo. Hajui ni lipi. Usimsaidie.

Mimi binafsi napenda Bi Rukia asiwe mbaya. Inawezekana anamtania kwa kumkubali. Harufu inaweza kubeba maana mbili kwa wakati mmoja na hakuna anayelazimika kuzifafanua, jambo ambalo maneno ya mazungumzo hulimudu kwa taabu.

Hatua ya 6: Irudishe ikiwa imebadilika

Harufu iliyotokea mara moja ni tukio. Ikirudi, inaanza kubeba maana. Ikirudi bila kubadilika, inachosha.

Kwa Athumani tuna ndimu mara mbili tayari: nyumbani kwake na sebuleni kwa wakwe. Mara ya tatu isubiri. Wameoana, miaka imepita. Mke amezoea, hasikii shombo tena, wala ndimu. Usiku mmoja mumewe anarudi saa zile zile za siku zote, anapanda kitandani, na mke anafumbua macho gizani. Mikono yake haina shombo. Haina ndimu pia. Ina harufu ya sabuni tu, na sabuni hiyo si ya kwao.

Hajasema kitu, na hahitaji kusema. Ulimpa msomaji ndimu ukurasa wa 3, naye ameitunza mpaka ukurasa wa 40, na sasa ndiye anayefanya hesabu peke yake. Mara tatu zinatosha kwa hadithi fupi. Katika riwaya unaweza kwenda tano, lakini kila mara harufu iwe mikononi mwa mtu mwingine au iwe na habari mpya.

Hatua ya 7: Kumbukumbu, kwa tahadhari

Kila mwandishi anayesikia kwamba harufu huamsha kumbukumbu hukimbilia hapo, na kuna sababu ya kimwili. Habari za macho na masikio hupitia kwanza kituo cha ubongo kiitwacho thalamasi. Za pua hufika karibu moja kwa moja kwenye sehemu zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu. Kwa hiyo mtu hushtuka kabla hajajua kilichomshtua.

Mpangilio huo ndio wa kuuiga kwenye sentensi. Mwili utangulie, jina la harufu lifuate, kumbukumbu ije mwisho au isije kabisa. "Alisikia harufu ya maandazi akamkumbuka bibi yake" imegeuza mambo, na isitoshe imeandikwa mara elfu. Jaribu: "Alijikuta amesimama mbele ya duka, pesa mkononi, na hakuwa na njaa." Iliki itajwe sentensi inayofuata. Bibi anaweza kusubiri.

Kurudi nyuma kwa njia ya pua kuwe kumoja tu katika hadithi nzima.

Hatua ya 8: Harufu ambazo jamii imeshazipa maana

Nyingine hukuzizua wewe. Zilikuwa na maana kabla hujazaliwa.

Kafuri huwekwa kwenye maji ya mwisho ya kuosha maiti. Mtu wa pwani akiisikia ghafla kwenye chumba ambacho hakitakiwi kuwa nayo, hatafuti maelezo. Ubani uko kwenye maulidi na kwenye hitima, lakini uko pia kwenye mizimu. Huko Mapango ya Amboni watu hufika na ubani na marashi kuomba haja zao. Harufu moja, shughuli mbili, na familia ambamo mmoja anaikubali ya kwanza na kuikana ya pili. Baba anaingia, anasikia ubani, anauliza, "Leo kuna nini hapa?" na swali lake tayari lina makali. Asumini na vikuba viko kwa maharusi. Udi uko kwa wageni, kwa ndoa, kwa Ijumaa.

Harufu za namna hii zina nguvu kubwa zinapokosekana. Mjane wa Kiislamu asiye na mimba hukaa eda miezi minne na siku kumi, na muda wote huo hatakiwi kujipaka manukato. Fikiria Bi Saumu, mwanamke ambaye mtaa mzima wa Ngamiani ulimjua kwa mawaridi yake kabla hajakata kona. Sasa mjukuu anaingia chumbani kwake na kusimama mlangoni, haelewi kwa nini anahisi ameingia chumba cha mtu mwingine. Mwandike huyo mjukuu. Au mwandike jirani aliyekuja kumwangalia akiwa amejipulizia, akakumbuka akiwa katikati ya ua, akasita. Au, kama una ujasiri, mwandike Bi Saumu mwenyewe wiki ya tatu, peke yake, akifungua chupa ya marashi na kuifunga tena bila kumwaga hata tone. Kwa marehemu aliyempenda, au kwa marehemu aliyemchoka? Kitendo ni kile kile.

Msomaji wa Iringa au wa Mwanza huenda asijue kafuri maana yake nini. Usimwekee mabano wala sentensi ya maelezo. Mwekee mhusika mwingine aliye ndani ya tukio: mtoto anayeuliza, mpangaji wa kutoka bara anayesifia harufu na kuona wenyeji wanatazamana. Atajifunza pamoja nao. Msomaji wa pwani hatahisi anafundishwa kwao.

Na tafadhali, karafuu zipumzike. Zina nafasi yake kwa mchukuzi aliyeshusha magunia kutoka Pemba na sasa kichwa kinamgonga kwa ukali wake. Kwa mtalii anayevuta hewa gatini, zimeshaandikwa za kutosha.

Hatua ya 9: Anayesemwa ananuka

Harufu ni silaha ya zamani ya kudharauliana. Matajiri wamesema hivyo juu ya maskini, mabwana juu ya manamba, mji juu ya shamba. Hadithi ina haki ya kuonyesha dharau hiyo, ila msimulizi asiishiriki bila kujua. Ukiona katika rasimu yako kwamba watu wa tabaka moja wananukia na wa tabaka jingine wananuka, umepata mahali pa kurudia kazi. Njia rahisi ni kumpa anayedharauliwa pua naye. Mpagazi ana maoni kuhusu harufu ya ofisi ya bosi: zulia lililoloa, kiyoyozi kisichosafishwa, manukato yaliyopakwa juu ya jasho la jana. Ayaseme.

Hatua ya 10: Kuipitia rasimu

Tafuta neno "harufu" katika andiko zima, kwenye kompyuta ni kazi ya sekunde. Kila lilipo, jaribu kuandika sentensi bila hilo neno, kwa kutumia chanzo na kitendo. Nusu yatatoka bila maumivu. Mengine yaache, neno lenyewe si dhambi.

Kisha fanya kile kipimo cha kufuta cha hatua ya 5, tukio moja baada ya jingine. Angalia pia uwezekano wa kimwili: upepo ulikuwa unatoka wapi, dirisha lilikuwa wazi, mhusika ana mafua? Joto na unyevu huongeza harufu, hivyo tukio la Februari mchana lisiwe sawa na la Julai alfajiri.

Mwisho, mpe mtu asome. Usimwambie kwamba unachunguza harufu. Siku mbili baadaye mwulize alisikia nini humo. Zile atakazozisahau, rudi ukaangalie kama zilikuwa za pua ya mtu au za mwandishi. Zile atakazozikumbuka kwa jina la mhusika ("ile ndimu ya Athumani"), ziache zilivyo. Na akitaja harufu ambayo hukuiandika popote, mwulize ni ukurasa gani, kisha ukurasa huo usiuguse tena.